Daftari la Uhai: Jinsi Serikali za Mitaa Zilivyohesabu Afya ya Watu



Katika taarifa ya kila mwaka tunatoa hesabu ya fedha za chama: michango iliyolipwa, misaada ya mazishi, na wajane waliosaidiwa. Ni desturi njema, kwani wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka huu tumeona yafaa tuitazame hesabu iliyo kubwa kuliko ya fedha, yaani hesabu ya uhai wa watu, na jinsi serikali za mitaa katika Kenya zilivyoitunza tangu zamani hata leo.

Hapo mwanzo daftari hilo halikuwa letu. Kuandikisha vizazi na vifo kulianza mwaka 1904 kwa Wazungu, na mwaka 1906 wakaongezwa Waasia. Mwafrika alihesabiwa kwa ajili ya kodi: vibanda vilihesabiwa, na kutokana na vibanda idadi ya watu ikakisiwa. Hesabu ya kwanza ya watu wote nchini ilifanywa mwaka 1948, ikaonyesha watu zaidi ya milioni 5. Basi kwa miaka mingi Serikali ilijua kodi iliyotoka kijijini, wala haikujua ni watoto wangapi waliofariki humo kabla ya kuanza kutembea.

Mwaka 1924 sheria iliruhusu kuwekwa kwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mabaraza hayo yalitoza ushuru wao wenyewe, yakautumia kwa shule, barabara na zahanati. Mwaka 1950 yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na wakati wa Uhuru yakafuatwa na mabaraza ya kaunti. Katika zahanati zao waliandikwa wagonjwa waliofika kutibiwa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini daftari lilimwandika aliyefika mlangoni, halikumfuata nyumbani kujua kama alipona. Aliyerudi shambani mwake akalima, na aliyerudi kitandani mwake akafa, wote wawili walikuwa mstari mmoja mmoja tu.

Kwa Waafrika, kuandikisha vizazi na vifo kulianza kuwa lazima mwaka 1963 katika Nairobi na Nyeri, kukaenea wilaya kwa wilaya, hata kufikia Septemba 1971 nchi nzima ilikuwa imeingia. Machifu na manaibu wao walipewa kazi ya kupokea habari za waliozaliwa na waliofia nyumbani. Lakini katika miaka hiyohiyo, mabaraza mengi yakiwa yameelemewa na gharama, Serikali Kuu ilichukua kutoka kwao zahanati, shule za msingi na barabara. Hayo yalitimia mwaka 1970. Nairobi na miji mikubwa michache tu ndiyo iliyobakiwa na kazi hizo. Hivyo hesabu ikawa yapanda kwenda makao makuu, na haikuwa rahisi kwa mzee wa kijiji kuuliza imeleta jibu gani.

Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha kazi hiyo karibu. Serikali 47 za kaunti zilianza mwaka 2013, nazo zikakabidhiwa zahanati na hospitali zao. Tangu mwaka 2011 hesabu za kila mwezi za vituo vya afya hukusanywa kwa kompyuta katika mfumo mmoja wa nchi nzima. Na chini kabisa yuko mhudumu wa afya wa jamii, katika mpango ulioanzishwa mwaka 2006. Yeye hupewa nyumba zipatazo 100, huziandika moja moja: mama mjamzito, mtoto aliyechanjwa, mzee, mlemavu, maji na choo. Mwaka 2023 wahudumu wapatao 100,000 walizinduliwa, wakiwa na simu za kuandikia habari hizo. Huyu hangoji mgonjwa afike. Hupiga hodi kwake.

Hata hivyo, vifo vingi vya nyumbani havijaandikwa hata leo. Mtoto mchanga akizikwa kimya kimya, katika hesabu ya serikali hakuzaliwa wala hakufa; hakuna atakayeuliza sababu, na hakuna mkunga atakayeongezwa kwa ajili yake. Kadhalika mzee wa miaka 70 apokeaye shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka Serikali Kuu ameandikwa kuwa amelipwa. Lakini malipo hayo hayasemi kama ana wa kumpikia, wala kama maumivu yake yamepungua. Hesabu ya msaada uliotolewa si hesabu ya mtu aliyesaidika.

Hapo ndipo chama kama chetu kina wajibu, kwa maana sisi husikia msiba kabla ya ofisi kuusikia. Yatupasa kila kizazi na kila kifo cha nyumbani kifikishwe kwa naibu wa chifu bila kukawia. Yatupasa kumpokea mhudumu wa afya na kumwambia kweli, hata ile inayotuonea haya. Na kaunti inapowaita wananchi kuujadili mpango wake wa miaka 5, wazee wetu wasiridhike kusikia zahanati ngapi zimejengwa. Waulize pia ni akina mama wangapi walioingia humo kujifungua, na wangapi waliorudi nyumbani wakiwa hai, na watoto wao mikononi.