Kariakoo na Sauti za Kifuani

Kariakoo ni jina la wapagazi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, kikosi chao cha wachukuzi, Carrier Corps, kilipiga kambi hapa, na Waswahili wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wachukuzi zaidi ya 40,000 walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waliopigwa risasi ni wachache. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria na nimonia. Soko kubwa la nchi hii limebeba jina la watu ambao baadhi yao walikufa wakitweta.

Chombo cha kuisikia nimonia, stetoskopu, wakati huo kilikuwa tayari kimetimiza miaka 100. Mwaka 1816, jijini Paris, daktari René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo, akaona haya kumlazia sikio kifuani. Akaviringisha karatasi ikawa bomba, akasikia kwa uwazi ambao hakuwahi kuupata. Baadaye alichonga bomba la mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu. Mchakacho wa nimonia aliufananisha na chumvi inayopasuka kwenye chombo cha moto, mfano ambao mama yeyote wa Kariakoo angeuelewa bila kwenda shule. Mwaka 1826 kifua kikuu kilimuua akiwa na miaka 45.

Hapa Dar es Salaam, enzi za Wajerumani, mahali pa kusikilizwa kifua palitegemea rangi ya mtu: hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara wa jina hilo. Jina lake lilipewa jengo la wodi katika hospitali ya Muhimbili.

“Vuta pumzi. Achia.” Maneno hayo tumeyasikia sote, chuma baridi kikigusa mgongo. Daktari analinganisha kulia na kushoto, juu na chini. Mluzi humwelekeza kwenye pumu. Mchakacho, kwenye nimonia. Kibaya zaidi ni kimya: upande mmoja hauingizi hewa, pengine maji yamejaa. Kazi hii inataka utulivu, na zahanati iliyo jirani na Mtaa wa Msimbazi haiupati kirahisi, kwa honi na vipaza sauti vya wauza nguo. Daktari anayefunga dirisha na kuzima feni kabla ya kusikiliza, huyo mheshimu.

Lakini kifua kikuu ni kijanja. Mapafu yanaweza kusikika salama huku vijidudu vikiyala, ndiyo maana makohozi lazima yapimwe.

Ndugu yangu unayesukuma mkokoteni au kubeba magunia sokoni, ukikohoa wiki mbili, usinunue dawa ya maji dukani ukaendelea na kazi. Nenda hospitali ya serikali ukapime. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.