Mwalimu Mmoja na Watoto Elfu

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo limhusulo kila mzazi na kila mtoto wa shule, nalo ni hili: watoto wakiwa wengi, na fedha ikiwa chache, shule ipunguziwe nini? Majengo, vyombo, au walimu? Swali hili si jipya. Waingereza walikutana nalo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na majibu waliyoyajaribu yafaa kukumbukwa, maana mengine yaliwafaa na mengine yaliwatia hasara.

Mwaka 1798 kijana mmoja wa London, jina lake Joseph Lancaster, alifungua shule ya watoto wa maskini katika mtaa wa Southwark. Umri wake ulikuwa miaka kama ishirini tu. Siku zile serikali ya Uingereza ilikuwa haijaanza kutoa fedha kwa shule za namna hiyo. Watoto wakamiminika, lakini fedha ya kuajiri walimu wa kumsaidia hakuwa nayo. Basi akachagua wanafunzi waliotangulia kujua, akawafanya viranja, na kila kiranja akafundisha safu yake ya watoto wadogo yale aliyofundishwa yeye. Lancaster alidai kwamba kwa njia hii mwalimu mmoja aweza kuangalia watoto elfu.

Mskoti mmoja, padre Andrew Bell, alikuwa amekwisha jaribu jambo kama hilo huko Madras, Bara Hindi, katika shule ya watoto yatima aliyoisimamia tangu mwaka 1789. Huko aliona watoto wa shule moja ya wenyeji wakijifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole. Njia hiyo ikampendeza, akaitumia, na kazi ya kufundisha herufi akampa mtoto wa miaka minane. Mwaka 1797 alichapisha kitabu cha habari hizo.

Sasa tazameni vyombo vyao. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo wadogo waliandika juu ya mchanga uliotandazwa mezani, na wakubwa kidogo waliandika juu ya vibao vya mawe ambavyo hufutika na kutumika tena. Kitabu kimoja kilichapwa kwa herufi kubwa, kurasa zake zikatundikwa ukutani, na watoto wakasimama mbele yake kwa zamu. Hivyo kitabu kimoja kikatosha shule nzima. Watu walistaajabu, na shule za namna hiyo zikaenea hata nchi za mbali.

Lakini kiranja ni mtoto. Aliweza kusahihisha herufi, hakuweza kueleza maana. Akiulizwa “Kwa nini?” hakuwa na jibu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakufundishwa. Bunge lilianza kusaidia mwaka 1833, likatoa pauni 20,000 za kujengea nyumba za shule. Tangu mwaka 1839 wakawekwa wakaguzi, na walipozunguka waliona kwamba nyumba nzuri haifundishi mtu.

Basi mwaka 1846 James Kay-Shuttleworth aliyesimamia kazi hiyo akaleta mpango mwingine. Kijana aliyetimiza miaka kumi na mitatu aliwekwa chini ya mwalimu mkuu kwa miaka mitano, akifundisha mchana na kujifunza baada ya saa za kazi. Serikali ilimlipa pauni 10 mwaka wa kwanza, ikamwongezea hata pauni 20 mwaka wa tano, na waliofaulu vizuri walisaidiwa kuingia chuo cha ualimu. Mpango huu haukuwa rahisi, lakini uliwapa Waingereza walimu wa kweli.

Gharama ikapanda, na wakubwa wakaona uchungu. Mwaka 1862 Robert Lowe akaweka sheria ya kulipa kwa matokeo. Kwa kila mtoto shule ilipata shilingi 4 kwa mahudhurio, na shilingi 8 ikiwa amefaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Akishindwa somo moja, shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Mtoto akiugua siku ya mtihani, shule ilipata hasara. Mtadhani walimu walifanyaje? Wakawakaririsha watoto kitabu kizima, na masomo mengine yakaachwa kando. Fedha ya serikali, iliyozidi pauni 800,000 mwaka 1861, ikashuka hata karibu pauni 637,000 mwaka 1865, na vijana wa kuingia ualimu wakapungua. Mkaguzi Matthew Arnold, aliyekuwa pia mshairi, aliipinga sheria hiyo kwa nguvu, lakini iliwachukua Waingereza zaidi ya miaka thelathini kuifuta kabisa. Katika miaka hiyo sheria ya mwaka 1870 iliwapa watu wa kila mahali uwezo wa kutoza kodi kwa ajili ya shule, na tangu mwaka 1891 wazazi wengi hawakulipa tena ada.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, Tanzania iliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu wakahitajiwa kwa maelfu. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi hukohuko shuleni, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kusimamiwa na walimu waliowatangulia. Ilikuwa mfano wa wale vijana wa mwaka 1846. Na Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi za umma mwaka 2003, madarasa yalifurika, na swali la Lancaster likarudi mlangoni.

Mimi huwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Juzi mzazi mmoja aliniuliza: “Mwalimu, vishikwambi na kompyuta vikija, mtahitajiwa tena?” Nikamjibu kwamba mchanga wa Madras ulikuwa chombo, kibao cha jiwe kilikuwa chombo, na redio ni chombo. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe nalo halilimi lenyewe. Mtoto aulizapo “Kwa nini?” lazima awepo mtu mzima aliyefundishwa, na aliyelipwa vema, wa kumjibu.

Basi, ndugu zangu, mkikaa katika mkutano wa shule yenu na kuulizwa cha kupunguza, mkumbukeni mwalimu mmoja na watoto wake elfu. Fedha inayopunguzwa kwa mwalimu hailipwi na mwalimu peke yake; mtoto huilipa, naye huilipa maisha yake yote.