Nani alimeza silabi ya "walked"?

Kuna kicheko watu wa Meru na Embu tunakijua vizuri. Unasimama mbele ya darasa Nairobi, unasema "wokedi" ama "asikedi", na watu wanaangua: umeshrabu! Mimi nilikisikia sana kabla sijaacha chuo. Lakini ukifungua historia, anayechekwa ana watetezi.

Zamani Waingereza wenyewe walitamka hiyo -ed yote. "Walked" ilikuwa na silabi mbili. Polepole irabu ikamezwa, na si kila mtu alifurahi. Mwaka 1712 Jonathan Swift, yule wa Gulliver's Travels, alichapisha lalamiko dhidi ya wanaofupisha maneno na kusema "disturb'd". Alishindwa. Ila mabaki yapo hadi leo: "naked" na "wicked" bado zina silabi mbili, na hakuna anayecheka.

Sasa njoo kwetu. Wamisheni wa Kianglikana walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakajenga Kaaga, Meru. Waskoti wakafika Chogoria mwaka 1922. Kizungu kilitufikia hivyo, kwa kitabu na ubao kuliko kwa sikio. Ukiona e na d, unasoma e na d. Tena Kimeru na Kiembu, kama Kiswahili, hupenda neno liishie irabu. "Blanket" ikawa blanketi na maisha yakaendelea.

Kicheko kilipata makali Kizungu kilipogeuka tiketi ya kazi. Baada ya uhuru, tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Matamshi yakawa kipimo cha akili.

Kinachoniuma ni kwamba kanuni yenyewe ni ya dakika kumi. Weka kidole kooni. Kitenzi kikiishia sauti isiyotetemesha koo, kama k, p au s, -ed inakuwa t: "walked". Koo likitetemeka, inakuwa d: "called". Kikiishia t au d, ndipo unapata silabi nzima: "wanted". Basi. Tulichekwa miaka na miaka, na hizo dakika kumi hatukupewa.

Jifunze, interview zipo. Lakini usione haya. Lugha zetu za Mlima Kenya hutenganisha jambo lililopita leo, la jana na la zamani, ndani ya kitenzi chenyewe. Kizungu kinayabeba yote matatu kwa -ed moja, na bado kikaimeza nusu.