Mlima Wenye Wenyewe

Kutoka Kitale barabara inapita Endebess hadi lango la Chorlim, kisha ni kupanda Elgon. Ukifika kileleni Koitoboss, mita 4,222, hujamaliza safari. Teremkia upande wa pili, ndani ya kasoko kubwa ya volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Pale mto Suam unapopenya ukuta wa kasoko kwenda kuwa Turkwel, mpakani mwa Kenya na Uganda, maji ya moto yanabubujika miambani, karibu nyuzi 48. Katika baridi ya nyanda hizo, nani asingevua viatu?

Hakuna nyumba karibu, na mgeni hudhani mlima huu haukuwahi kukaliwa. La hasha. Hata jina Elgon limetokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaoti. Msafiri Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alizikuta familia zikiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao, zikijikinga na maadui. Mskoti huyo hakukubali kwamba wenyeji ndio wachimbaji wa mapango hayo. Akawaza taifa fulani la kale lililotafuta vito. Inaniuma kwamba dhana ilimpeleka mbali hivyo, hali waliojua walikuwa mbele yake.

Kilichotafutwa mle ni chumvi. Katika pango la Kitum, linaloingia mlimani takriban mita 200, ndovu huja usiku, wakapapasa njia kwa mkonga gizani, wakabomoa ukuta kwa pembe na kusaga mawe kwa magego. Wenyeji nao walivunja mwamba huohuo kulambisha mifugo. Vizazi kwa vizazi, mtu na mnyama walipanua pango moja. Leo Kitum inasifika zaidi kwa virusi vya Marburg, kwa sababu wagonjwa wawili, wa 1980 na 1987, walikuwa wameitembelea.

Mwaka 1968 upande huu wa Kenya ukawa mbuga ya taifa. Ng'ambo ya kusini, Chepkitale, malisho ya jamii ya Waogiek yaligeuzwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, na familia zikafukuzwa mara kadhaa. Hazikukata tamaa, zilirudi na mifugo yao, zikaenda kortini, na mwaka 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba ugeuzaji ule ulikuwa kinyume cha sheria.