Mwendo wa Polepole: Mtazamaji wa Sinema na Msikilizaji wa Hadithi katika Ufipa

Katika nyanda za juu za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wazee wamepokezana tangu kale simulizi ya Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeanguka kutoka mbinguni na kuanzisha utawala wa Milansi. Simulizi yaendelea kutuambia kwamba baadaye walifika wanawake watatu wa ukoo wa Twa, wageni kutoka mbali, wakati mfalme wa Milansi yuko mawindoni. Mke wa mfalme akawapokea, na kwa mapokezi hayo enzi ikapita mikononi mwao. Mfalme aliporudi akaikuta nchi ina wenyewe wengine. Akabakiwa na Milansi pamoja na heshima yake katika mambo ya ibada. Kutokana na Watwa wakatoka watawala wa Nkansi na Lyangalile.

Hadithi hii haina haraka, wala haifafanui kila jambo. Kwa nini mtu aanguke kutoka mbinguni? Wale wanawake walitafuta nini hasa? Msimulizi hasemi, humwachia msikilizaji kazi ya kufikiri. Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona utajiri wa fasihi simulizi ya Wafipa, akaitolea kitabu kizima mwaka 1978.

Tumeanza na Milansi, ingawa shabaha ya insha hii ni sinema, kwa sababu kwa muda mrefu wakoloni walishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hana uwezo wa kufuata hadithi yenye maajabu inaposimuliwa kwa picha. Rai hiyo ilizaa utaratibu wa kutengeneza filamu, na sehemu muhimu ya majaribio yake ilifanyika katika nchi yetu. Hapana budi vijana wetu waijue historia hiyo.

Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio ya sinema kwa ajili ya Waafrika. Fedha zake zilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York, na mradi uliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji wa filamu, na G. C. Latham alisimamia upande wa elimu. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 juu ya mambo kama afya, kilimo, kodi na akiba ya fedha katika posta. Waigizaji walikuwa Waafrika. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti, bali maneno yalitiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Lori lilibeba mashine ya sinema na vyombo vyake, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi.

Baada ya hapo, mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda huko London idara ya filamu kwa ajili ya makoloni, chini ya William Sellers, ambaye kwanza alikuwa bwana afya nchini Nigeria. Sellers aliweka kanuni. Filamu ya Mwafrika iende polepole. Kila tendo lionyeshwe tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kuruka hata hatua moja. Kamera isifanye hila: picha isiyeyuke na kuwa nyingine, wala kitu kidogo kisikuzwe mno. Hadithi ishughulikie jambo moja tu. Ukiuliza sababu, jibu lilikuwa kwamba macho ya Mwafrika hayajakomaa.

Ushahidi uliotolewa mara nyingi ulikuwa ni vioja juu ya watazamaji. Maarufu kupita vyote ni kisa cha kuku, alichokieleza John Wilson mwaka 1961, na ambacho Marshall McLuhan wa Kanada alikieneza duniani katika kitabu chake cha mwaka 1962. Kwa mujibu wa kisa hicho, wanakijiji fulani wa Afrika walionyeshwa filamu ya polepole sana, ya muda wa dakika tano hivi, inayomwonyesha mfanyakazi wa afya akiondoa maji yaliyotuama ili mbu wasizaliane. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Wataalamu walishangaa, kwani hawakujua kwamba filamu yao ina kuku. Wakaikagua picha baada ya picha, wakamwona kweli: kuku alikatiza katika pembe ya picha kwa nukta chache tu, akaondoka.

Kisa hiki kimesimuliwa miaka mingi ili kuthibitisha kwamba Mwafrika haoni. Lakini tukitazame upya. Wanakijiji wale walimwona kuku ambaye waliotengeneza filamu hawakumwona. Nani basi aliyekuwa na macho makali? Tena, walipoulizwa zaidi walisema kwamba mtu pia walimwona. Swali la kwanza lilikuwa, “Mmeona nini?” Mtu anayeishi na makopo na madimbwi kila siku haoni habari yoyote katika makopo na madimbwi. Habari ilikuwa ni kile kitu kimoja ambacho hakikupangwa, kiumbe aliyeshtuka na kukimbia. Wataalamu walitaka kusikia somo lao likirudishwa kwao neno kwa neno. Walipolikosa, hawakusema kwamba filamu yao inachosha. Walisema kwamba watazamaji ni wajinga.

Palikuwapo na ushahidi mwingine tangu zamani. Mwaka 1929 Julian Huxley, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alizuru Afrika ya Mashariki, akawaonyesha wanafunzi filamu na kuwataka waandike insha juu ya walichokiona. Alikuta kwamba wameelewa vizuri. Kadhalika, katika miaka ya 1950 watu wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam walijaa katika majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi zenye urefu wa saa tatu hivi, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Filamu ya Raj Kapoor iitwayo Awara, ya mwaka 1951, iliwatoa watu machozi, ikajadiliwa majumbani na mabarazani. Na mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu, alikuwa mwigizaji mkuu. Wananchi hao hawakuhitaji kupimiwa picha kwa kijiko.

Tena, yafaa tuwatazame Wazungu wenyewe. Mwaka 1960, katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, ilionyeshwa filamu ya Michelangelo Antonioni wa Italia iitwayo L'Avventura. Mwanamke anapotea kisiwani, watu wanamtafuta, kisha filamu inakwisha bila ya kueleza amekwenda wapi. Mwendo wake ni wa polepole mno. Watazamaji walizomea na kucheka mahali pasipo kichekesho. Hata hivyo waamuzi waliipa filamu hiyo tuzo yao maalumu, na hakuna aliyeandika kwamba macho ya Mzungu hayajakomaa. Ilisemwa tu kwamba filamu ni ngumu, na kwamba watu wanahitaji muda kuizoea.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mwendo wa polepole una maana mbili zilizo mbali kabisa. Kuna polepole ya dharau, ambayo humfanya mtazamaji kuwa mtoto asiyeweza kumeza kipande kikubwa. Na kuna polepole ya heshima, ambayo humwachia mtazamaji nafasi ya kuwaza, kukumbuka na kuongeza la kwake. Sellers alifuata ile ya kwanza. Msimulizi wa Ufipa hufuata ya pili.

Baada ya Uhuru wasanii wetu nao walianza kuitafuta ile ya pili. Mwaka 1985 ilitolewa filamu ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill wa Marekani, juu ya uganga wa jadi. Kisha Mulvihill, akishirikiana na Martin Mhando, aliongoza Maangamizi. Katika filamu hiyo, daktari wa magonjwa ya akili, Mmarekani Mweusi, anakuja Tanzania na kumkuta mgonjwa aitwaye Samehe, ambaye amekaa kimya kwa miaka mingi. Samehe, anayeigizwa na Amandina Lihamba, hutembelewa na Maangamizi, mhenga wa kale, anayeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Ndoto na macho, wafu na walio hai, huingiliana bila ya kubisha hodi. Filamu haikimbii, wala haimwambii mtazamaji wapi pa kukomea kuota. Mwaka 2001 ilipelekwa kuwania tuzo ya Oscar kwa niaba ya Tanzania, ikiwa filamu ya kwanza ya nchi yetu kupelekwa huko, ijapokuwa haikuteuliwa.

Kwa kanuni za Sellers, filamu kama hii ingepigwa marufuku kijijini. Lakini mtu aliyelelewa kwa simulizi ya Ntatakwa atashindwa wapi? Kwake mhenga anayesema na walio hai si hila ya kamera. Hata mji mkuu wa Rukwa una jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa ni agizo la kutupa uchawi: Sumbawanga. Mahali ambapo jina la mji lenyewe hugusa mambo yasiyoonekana, watazamaji watakuwa na mengi ya kubishana: je, mhenga huyu anaponya au anadhuru? Je, inafaa kumwita mzimu, au kumwita hivyo ni kumkosea adabu? Huo ni ubishi wa watu walioelewa.

Somo hili lawahusu hasa walimu. Ni rahisi kwa mwalimu kurudia kosa la wataalamu wa kuku bila ya kujua. Mwanafunzi anaposoma shairi gumu au kutazama filamu ngeni, kisha akataja jambo ambalo halimo katika maandalio ya somo, mwalimu huelekea kuandika, “Hajaelewa.” Tungeshauri kwamba kwanza amwulize mwanafunzi huyo amemwona wapi kuku wake, kisha arudi yeye mwenyewe katika shairi au filamu na kutazama tena. Na vijana nao, wanapokutana na kazi ya sanaa inayokwenda polepole, wasione haya kuchoka, kucheka wala kuuliza. Ila wasiondoke kabla ya kuisikiliza kwa subira ile ile ambayo babu zao waliwasikilizia wasimulizi wa Milansi.