Biharusi wa kisiwani atakula nini Tabora?



Usiku wa hina wa mwenzetu mmoja, miguu imeshapakwa na hina bado mbichi, alituuliza suali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Huko Tabora nitakula nini?" Alikuwa anaolewa na kijana wa Tabora, na siku ya nne baada ya harusi walikuwa wanaondoka. Mmoja wetu akamjibu kwa mzaha, "Ugali mwanangu, mchana na usiku," na biharusi akaanza kulia kweli kweli, mpaka wanja ukamchuruzika. Shangazi yake akatufukuza chumbani.

Tulistahili. Anayehama kwao huona haya kusema kwamba anaogopa chakula, kwa hiyo hulia na watu wakadhani analilia mama yake. Siku hizi mtu akifika mji mgeni hufungua simu akatafuta wapi pana biriani nzuri, wapi wanakaanga sambusa, na waliozoea miji mikubwa hutafuta hata supu ya tambi ya Kivietnamu. Lakini kwa Tabora suali hili ni kongwe. Watu wa Maskati, wa Unguja na wa Mrima waliliuliza kabla ya bibi zetu kuzaliwa, na majibu yake yapo kwenye vitabu.

Tuanze na mtu wa halua. Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh, mji ambao leo tunauita Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, wagonjwa na wamechoka. Aliyewapokea na kuwahudumia kuliko wote alikuwa Snay bin Amir, Mharthi wa Oman, tajiri wa pembe na watumwa. Burton ameandika kwamba bwana huyu alianza maisha yake Maskati akiwa mtengeneza vitu vitamu. Kwa Maskati hilo maana yake ya kwanza ni halua. Basi mmoja wa matajiri wakubwa wa njia ya misafara alitokea kwenye moshi wa sufuria, akikoroga sukari na samli. Tulipolisoma hilo tulifurahi kama tuliokuta jamaa.

Burton anaeleza kwamba Waarabu wa Unyanyembe waliishi kwa raha. Nyumba zao zilikuwa tembe kubwa, yaani nyumba za udongo zenye paa la bapa, na bustani pana, na bidhaa za pwani ziliwafikia kila mara. Hakuwapo Snay peke yake. Alikuwapo Musa Mzuri, Mwislamu wa Kihindi kutoka Surat, mmoja wa wafanyabiashara wa mwanzo kabisa kufika huko.

Lakini ushahidi mzuri zaidi kwa biharusi wetu umeandikwa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York aliyepita akimtafuta Livingstone. Alifika Kwihara, karibu na Tabora, Juni 1871. Hajakaa vizuri, wakaingia watumwa na masinia kutoka kwa Waarabu wa Tabora. Sinia la kwanza wali, mwingi mno, na bakuli la mchuzi wa kuku wa bizari. Jengine mikate mikubwa ya ngano, dazeni nzima. Jengine limejaa vitu vya kukaanga, moto bado vinatoa moshi, alivyoviita kwa jina la maandazi ya kwao Marekani. Kisha mapapai, makomamanga na ndimu. Nyuma yake ng'ombe watano wanono, kondoo wanane, mbuzi kumi, kuku na mayai.

Hapo kwenye vitu vya kukaanga tumebishana jioni nzima. Wako wanaosema ni kaimati, wako wanaosema mahamri, na mmoja anashikilia vitumbua kwa sababu wali ulikuwapo na penye mchele hapakosi kitumbua. Hatukuafikiana. La maana ni kwamba mgeni wa 1871 alikula Tabora chakula ambacho angekila Malindi au Shangani.

Sasa zingatia vilivyotoka wapi. Mchele ulilimwa huko huko, kwenye mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi yanayoshika maji. Watu wa pwani ndio walioupeleka Unyamwezi, ukakubali. Ngano walipanda kidogo kuzunguka tembe zao, kwa matumizi yao wenyewe. Walipanda michungwa, midimu, mipapai na miembe, na Stanley aliona vitunguu, thomu, pilipili, tungule na mabiringani. Choroko, mtama, mihogo na viazi vitamu vilikuwa tele sokoni. Chumvi ilitoka Uvinza, upande wa Ujiji, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi mpaka yakakauka, na chumvi hiyo ilisafiri nchi nzima.

Vilivyobaki vilitoka kwetu. Kila mwaka misafara ilipandisha chai, kahawa, sukari, viungo, biskuti, mazulia ya Kiajemi, vikombe vya chai na vya kahawa, sinia za shaba zenye nakshi, na vinywaji ambavyo hapa hatutavitaja. Vyote kwa mabega ya watu. Mzigo mmoja wa mpagazi ulikuwa kilo 30 na kitu, na kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, kupitia Mpwapwa na Ugogo ambako ilibidi kulipa hongo kwa watemi. Msafara uliokwenda vizuri ulichukua karibu miezi mitatu. Kijiko cha sukari katika kikombe cha Tabora kilikuwa kimetembea kwa miguu miezi hiyo yote.

Wapagazi wenyewe wengi walikuwa Wanyamwezi, na njia ile waliianza wao, wakishusha pembe pwani kabla Waarabu hawajapanda kuishi bara. Wengi walisafiri na wake zao. Mwanamke wa msafara alibeba chungu, mkeka na pengine mtoto mgongoni, na wanaume walipotua mizigo yeye ndiye aliyeanza kuwasha moto. Kwa hiyo si kweli kwamba mapishi ya pwani yalipelekwa Tabora na watu wa pwani peke yao. Wanawake wa Kinyamwezi walifika Bagamoyo, wakakaa wakisubiri msafara wa kurudi, wakaona jinsi wali unavyopikwa, wakarudi nao kwao.

Na sasa tufike jikoni, maana wasafiri wale waliandika masinia na hawakuandika mikono. Burton na Stanley wametuachia majina ya mabwana, idadi ya mbuzi, hata hali ya mazulia. Aliyekanda ile mikate dazeni nzima hana jina. Tunajua tu alikuwa nani kwa hali yake. Burton anasema mabwana wale walizungukwa na masuria na watumwa waliowafundisha kazi za kila aina, na upishi ni mojawapo ya kazi hizo. Wengine walikuwa wametekwa mbali, Manyema na kwengineko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakaletwa Ujiji, kisha Tabora. Msichana aliyekulia mezani pa mihogo na mawese alifundishwa kupepeta mchele na kupika mchuzi wa bizari kwa ajili ya bwana asiyemchagua. Tukiusifu wali wa Kwihara bila kulisema hili, tutakuwa tumekula na kumsahau mpishi.

Tena hili si la Tabora peke yake, ni la nyumba zetu. Amri ya 1897 iliyofuta hali ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, na wao hawakuguswa mpaka sheria ya 1909. Tanganyika ilingoja mpaka 1922. Katika sheria yetu ya Kiislamu suria akimzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa yeye huwa huru, na mtoto wake ni muungwana kama ndugu zake wa baba mmoja. Kwa njia hiyo koo nyingi za Tabora, na za kisiwani pia, zina bibi aliyekuja akiwa hana hiari. Nasaba inasomwa kwa baba, lakini ladha ya mchuzi watoto waliirithi kwa mama.

Wako pia walioingia jikoni kwa ndoa, na kwa heshima. Mjuaji wa Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, atakumbuka kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alihamia Unyanyembe na akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Hebu itazame ndoa ile kama sisi wanawake tunavyotazama ndoa. Bwana harusi ndiye mgeni. Ardhi ni ya kwao mke, watu ni wa kwao mke, na bila mkwe wake mfanyabiashara hana amani wala njia. Karunde alileta nguvu ya baba yake, na tembe la mume likawa nyumba ya mji. Katika nyumba kama hiyo wali wa pwani na mboga za Unyamwezi zilikaa kwenye mkeka mmoja, na hakuna aliyeweza kumwambia binti wa mtemi kwamba chakula cha kwao ni cha kishamba. Amani haikudumu. Baada ya Fundikira kufa, mtemi mpya Mnywa Sere aligombana na Waarabu juu ya ushuru, wakamwondoa, vita vikazuka, na yule Snay wa halua aliuawa humo. Baadaye kulikuwa na vita vya Mirambo. Mtu anaweza kujua historia yote ya vita vile na asijue nani alikuwa akiwapikia.

Reli iliifikia Tabora mwaka 1912, ikasonga hadi Kigoma 1914, na wapagazi wakaisha. Mchele ukabaki. Leo mkoa wa Tabora unalima mpunga kwa wingi, na miembe iliyopandwa enzi za misafara imekuwa alama ya njia ya zamani. Mji una mtaa unaoitwa Ng'ambo, kama wa kwetu. Tembe la Kwihara alilokaa Livingstone na Stanley limejengwa upya na ni makumbusho.

Basi jibu letu kwa biharusi, ambalo tungelimpa usiku ule kama tungekuwa na adabu: wali utaupata, na pilau, na nyama iliyochinjwa na Waislamu, maana Uislamu uko mji ule tangu enzi za misafara. Utakachokikosa ni nazi. Mnazi haukupanda huko pamoja na mchele, na nazi utakayoiona sokoni imesafiri kama wewe. Mahali pa tui utakuta karanga zilizotwangwa, ndani ya mboga za majani, na wallahi usizikatae kabla hujaonja. Utakuta mlenda, uyoga wa msituni wakati wa mvua, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, ambavyo utavitafuna na chai mpaka usahau biskuti.

Jifunze kusema "mwangaluka" asubuhi kwa mama mkwe, ukiinama kidogo. Usiingie na sufuria lako siku ya kwanza. Mwache akupikie, kisha muulize mchuzi wake alifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani. Akiwa na moyo wa kusimulia, keti.

Katika begi tia iliki, mdalasini, karafuu za Pemba na nazi mbili tu. Nafasi inayobaki usiijaze nguo, utaihitaji safari ya kurudi kututazama: asali ya Tabora ni nzito, na sisi tuko wengi.