Mbwa na joto la kaskazi: Nani humudu, nani huzidiwa

Upepo wa kaskazi unapotawala pwani ya Afrika Mashariki, kati ya Desemba na Machi, kisiwa cha Mombasa hupata joto ambalo wageni kutoka bara huanza kulilalamikia kabla hawajashuka garini. Mnamo Februari na Machi kipimajoto hufikia nyuzijoto 32 au 33 mchana, na usiku aghalabu hakishuki chini ya 24. Binadamu hutafuta kivuli cha baraza, feni na dafu. Mbwa hana uwezo wa kujitafutia hayo, na zaidi ya hayo hana jasho la kumfaa.

Suala hilo la jasho ndilo chanzo cha mambo yote. Ngozi ya binadamu hutoa jasho karibu kila mahali, lakini tezi za mbwa za kupoza mwili zimo katika nyayo tu, nazo hazitoshi. Tegemeo lake kuu ni kutweta. Hufungua kinywa, akatoa ulimi, akapitisha hewa kwa kasi juu ya sehemu zenye majimaji za ulimi, kinywa na pua, ili maji hayo yageuke mvuke na kuondoka na joto. Mwili wa mbwa mzima wa afya huwa na nyuzijoto 38 hadi 39 hivi. Joto hilo likivuka 41, ubongo, figo, ini na utumbo huanza kudhurika, na damu yenyewe huharibika.

Sasa, maji hugeuka mvuke haraka palipo na hewa kavu. Hewa ya Mombasa imekwisha kushiba unyevu, mara nyingi asilimia 70 na zaidi. Kila mama anayefua nguo anajua kwamba shuka iliyoanikwa Voi hukauka upesi kuliko ile iliyoanikwa katika ua wa Mji wa Kale, ijapokuwa jua la Voi na la kisiwani laweza kuwa na nyuzijoto zile zile. Ulimi wa mbwa hufuata kanuni hiyo hiyo ya shuka. Kwa hiyo mbwa huweza kuzidiwa na joto kisiwani hata siku ya mawingu, chini ya kivuli, bila kuguswa na mwale wa jua. Seuze yule aliyelelewa Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, akaletwa pwani kwa safari ya siku moja na kuingizwa kazini usiku huo huo. Mwili wa mbwa huchukua wiki kadhaa kuzoea.

Marikiti inayozungumzwa hapa ni ya Mombasa, yaani soko la Mackinnon lililo ukingoni mwa Mji wa Kale, wala si ile ya Nairobi ambayo jina lake rasmi ni Wakulima. Mtaa huu ni milki ya paka. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kwa sababu hiyo mbwa wa kufugwa ndani ya nyumba ni nadra. Madhehebu hayo hata hivyo yanamruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Wanaoonekana kandokando ya soko basi ni wa namna mbili: mbwa koko wasio na mwenyewe, wanaofuata mabaki ya nyama na samaki, na mbwa wa kampuni za ulinzi wanaoletwa jioni kulinda maduka na maghala.

Mbwa koko ndiye anayestahili kutazamwa kwanza, kwa sababu dharau aliyotwikwa imewafanya watu wasione ustadi wake. Mwili wake ni mwembamba, manyoya ni mafupi na yameshikamana na ngozi, miguu ni mirefu, na pua yake ni ndefu yenye nafasi ya kutosha kupoza hewa. Tabia zake nazo zinamfaa. Adhuhuri humkuti akirandaranda. Amejinyoosha chini ya mkokoteni, ameukumbatia mtaro au amelaza tumbo juu ya saruji ya kivulini, mahali ambapo manyoya ni machache na joto hutoka kwa urahisi. Shughuli zake ni za alfajiri na usiku. Hakuna mtu aliyemchagulia umbo hilo. Vizazi vingi vya mbwa waliozaliana wenyewe katika nchi zenye joto vimebaki na kile kinachofaa.

Sifa hizo zimewahi kuthaminiwa ng'ambo pale zilipopewa jina jingine. Miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua mbwa wa vijijini kutoka Kongo wakaenda kuwazalisha kwao, nao leo wanajulikana duniani kama Basenji, aina yenye bei. Jina hilo husemekana kuwa ni ndugu wa neno letu “washenzi”. Hivyo mbwa shenzi wa huku, akivuka bahari na kuandikiwa hati, huwa wa fahari.

Lakini tusimpambe mbwa koko kupita kiasi. Kumudu joto si kinga dhidi yake. Mbwa koko mwenye kupe, minyoo na njaa, asiyepata maji safi, huzidiwa vilevile.

Ukiacha hao wa kienyeji, walio hatarini zaidi ni wale wenye pua bapa: Bulldog, French Bulldog, Pug, Pekingese na jamaa zao. Wafugaji wa Ulaya na Asia waliwachagulia uso mfupi kwa vizazi vingi, lakini nyama ya ndani ya uso haikupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kaakaa ni refu kuliko nafasi yake, matundu ya pua ni membamba, na koo limebanwa. Mbwa wa namna hiyo anapotweta hufanya kazi kubwa kwa faida ndogo, na ile kazi yenyewe huzidisha joto mwilini. Mkoromo ambao wenye mbwa hao huuona kuwa kichekesho, mara nyingi ni mlio wa kiumbe anayehangaikia pumzi.

Takwimu zipo. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za mbwa zaidi ya 900,000 waliohudumiwa na madaktari wa wanyama nchini humo mwaka 2016. Wakimfanya Labrador kuwa kipimo cha kulinganishia, walipata kwamba hatari ya kuugua kwa joto kwa Chow Chow, mbwa wa Kichina mwenye manyoya tele, ilikuwa takriban mara 17. Bulldog alifuata kwa mara 14, French Bulldog mara 6, na Pug mara 3. Kati ya mbwa saba walioshikwa na maradhi hayo, mmoja hivi alikufa. Ieleweke kwamba hiyo ni Uingereza, nchi ambayo nyuzijoto 32 ni habari ya ukurasa wa kwanza.

Uchunguzi huo una jambo moja la kushangaza. Greyhound, mbwa mwembamba wa mbio, mwenye pua ndefu na manyoya mafupi, alikuwa na hatari mara 4 ya Labrador. Umbo lake ni zuri kwa joto, ila misuli yake ni mingi, na misuli ikifanya kazi huzalisha moto ambao ulimi hauwezi kuuondoa upesi. Waarabu wa Ghuba wanalijua hilo kwa Saluki wao, ambaye ni jamaa wa umbo hilo. Hata huko jangwani, uwindaji kwa Saluki ni shughuli ya majira ya baridi, si ya kiangazi.

Somo hilo linawahusu moja kwa moja mbwa wa ulinzi. German Shepherd, ambaye Wakenya wengi humwona kuwa ndiye mbwa wa askari hasa, ana manyoya ya tabaka mbili, ya juu marefu na ya ndani mazito kama sufu. Rottweiler ni mzito wa mwili na mweusi, na weusi hunywa jua. Japanese Spitz, kipenzi cha mitaa ya Nairobi, ni mweupe lakini amefunikwa manyoya ya nchi ya baridi. Wote hawa wanaweza kuishi Mombasa ikiwa mwenye nao anafanya wajibu wake. Wachanwe mara kwa mara ili manyoya ya ndani yaliyokufa yatoke. Wasinyolewe hadi ngozi, kwa kuwa manyoya ya juu huwakinga na miale ya jua. Kibanda kiezekwe kwa makuti badala ya mabati, kiinuliwe kutoka ardhini na kiache upepo upite. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kumfunga mbwa wa ulinzi kwa mnyororo mchana kutwa juani, karibu na sufuria iliyokauka, kisha kumdai ulinzi usiku, ni ukatili na tena ni hasara ya biashara. Mbwa aliyezidiwa halindi chochote. Vifungio vya mdomo vinavyobana taya ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu humnyima mbwa njia yake kuu ya kujipoza.

Katika bandari ya Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, suala hili limewahi kuamuliwa kitaalamu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huwatumia mbwa kunusa pembe za ndovu na bidhaa nyingine za magendo. Makontena yaliyopangwa juani huwa kama tanuri, na mbwa anayetweta hawezi kunusa barabara, kwani hewa inapita kinywani badala ya kupita puani. Ndipo ikafanyiwa majaribio bandarini humo, kwa kushirikiana na mashirika ya uhifadhi, mbinu ya kufyonza hewa kutoka ndani ya kontena, kuipitisha kwenye chujio, na kumpelekea mbwa lile chujio alinuse mahali palipo baridi. Yaani ilionekana ni rahisi zaidi kuipeleka harufu kwa mbwa kuliko kumpeleka mbwa kwenye joto.

Mwenye gari la binafsi naye asijidanganye. Kuegesha gari karibu na Marikiti ni taabu, na anayekuja kununua bizari na viungo humwacha mbwa garini akisema ni dakika kumi tu. Kupatana bei sokoni hapo hakujawahi kuchukua dakika kumi. Nje kukiwa na nyuzijoto 29, ndani ya gari lililofungwa hufika takriban 40 katika dakika kumi na 48 katika nusu saa, na kuacha upenyo mdogo wa dirisha hakusaidii pakubwa. Lami nayo ipimwe kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa hauvumiliki juu yake hadi kuhesabu saba, nyayo za mbwa hazitavumilia.

Kuna itikadi ya siku nyingi kwamba jua kali humpa mbwa kichaa. Si kweli. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyoambukizwa hasa kwa kuumwa, nacho hakijui kusi wala kaskazi. Itikadi hiyo ina madhara ya pande mbili. Mbwa aliyezidiwa na joto hutokwa na mate mazito, hupepesuka na huanguka, na watoto humpiga mawe wakidhani ana kichaa. Upande wa pili, mwenye kichaa kweli anaweza kuachwa akizurura kwa kudhaniwa ni jua tu. Tofauti ipo. Joto humshika mbwa ghafla, katika dakika au saa chache za jua au mbio, akitweta kwa nguvu na ufizi wake ukiwa mwekundu mno. Kichaa hujitokeza kwa siku kadhaa, kwa kubadilika tabia, kuuma ovyo, taya kulegea na kushindwa kumeza. Wala kuyakubali maji si ushahidi wa uzima, kwa kuwa hofu ya maji ni dalili ya binadamu zaidi kuliko ya mbwa. Usiyemjua usimshike, msogezee maji kwa mbali na uwaarifu maofisa wa mifugo wa kaunti. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu kutokana na kichaa hiki, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo ya mpango huo.

Kuhusu maji, mbwa wa kilo 30 huhitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku ya kawaida, na zaidi wakati wa kaskazi. Maji ya bahari hayafai: humtapisha, na chumvi yake yaweza kumuua. Tunajua kwamba maji ya mfereji kisiwani hukatika na mtungi hununuliwa. Hata hivyo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani mwenye mnyama anayemnyima maji na chakula. Na kwa wale wanaoona kwamba twahara inawazuia, iko hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi na kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake.

Mbwa akizidiwa, apozwe kwanza, ndipo asafirishwe. Aondolewe juani na mwili wote umwagiwe maji baridi yaliyopo, ya mfereji au ya kisima, huku akipepewa au kuwekwa mbele ya feni. Mbwa kijana mwenye nguvu anaweza kuzamishwa katika beseni la maji baridi, kichwa kikishikiliwa juu. Taulo lililoloweshwa lisiachwe mgongoni mwake, kwani baada ya muda mfupi hugeuka blanketi. Akiweza kumeza apewe maji kidogo kidogo, asinyweshwe kwa nguvu. Kisha apelekwe kwa daktari wa wanyama hata akiwa amekwisha kusimama na kutikisa mkia, kwa sababu figo na mgando wa damu huweza kuharibika siku moja au mbili baada ya joto lenyewe kuondoka.